Kisa cha shemeji yangu, fataki za umeme na radi ya Kharumwa

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjanisalimia.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu, siyo cha kusimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana baadhi ya wahusika wamo humu humu wanasoma kimya kimya.

Juzi kuna mdau kaanzisha mada kuhusu risasi zisizo na ganda. Yaani lile kopo la shaba halipo, baruti yenyewe imegandamizwa ikawa mwili wa risasi, na badala ya pini kugonga kitako, umeme wa betri ndiyo unaiwasha.

Watu wakasifia. Nyepesi, haitupi maganda, ukigusa tu imetoka. Mmoja akauliza kama ni nzuri hivyo mbona majeshi hayajaikimbilia. Hapo wakaanza kutukanana, mambo ya humu mnayajua.

Mimi bunduki sijui. Silaha pekee niliyowahi kushika ni manati. Ila ile habari ya baruti inayokaa ikisubiri umeme ilinikosesha raha, kwa sababu baruti ya namna hiyo nusura iniondolee shemeji yangu.

Nipo Kharumwa, kwenye mgodi mdogo. Mwenye leseni ni mama mmoja, tumwite Mama Kulwa. Mimi ni mtu wa winchi, kazi yangu ni kushusha watu duarani na kuwapandisha. Kwa wale wa Dar, duara ni shimo la kuchimbia, na la kwetu ni refu, ukichungulia unaona giza tu.

Fundi wa baruti ni Masanja. Huyu ndiye kamuoa dada yangu.

Zamani tulikuwa tunalipua kwa utambi. Masanja anawasha kule chini, anavuta waya wa winchi mara tatu, mimi na mwenzangu Shija tunawasha jenereta na kumtoa mbio kabla moto haujafika kwenye baruti. Mara tatu maana yake nimewasha, nitoeni. Hata mama wa chapati akiona ule waya unacheza mara tatu alikuwa anaacha kikaango jikoni anakimbia.

Baadaye Mama Kulwa akaleta fataki za umeme, vile vidude vya kuilipua baruti. Sasa nyaya zinatoka kwenye mwamba kule chini mpaka juu, kwenye kimashine chenye ufunguo. Fundi anapanda kwanza kwa ngazi za miti, watu wanakaa mbali, ndiyo anageuza ufunguo. Kistaarabu kabisa. Tukajiona na sisi tumekuwa kampuni.

Masharti yalikuwa mawili. Nyaya zikishaunganishwa, jenereta isiwashwe. Na mawingu yakianza kunguruma, kila mtu atoke duarani.

Jambo la jenereta lilikuwa serious kwetu kuliko kwingine, maana winchi yetu ilikuwa na shoti. Ardhi ikilowa, ukiigusa bila gambuti inakurusha. Tulikuwa tunawacheka wageni kwa hilo. Sasa umeme huo ukishuka na waya wa winchi mpaka chini ukakutana na fataki, hautaulizwa umetoka wapi. Fataki haijui kama umeme ni wa fundi au wa shoti.

Siku hiyo Masanja alishapanga kila kitu na akapanda juu. Akapima nyaya kwa mita, mita ikakataa. Maana yake kuna mahali zimekatika.

Wingu lilikuwepo, lakini mbali, upande wa ziwani. Mama Kulwa akamwambia asubiri. Masanja akasema mvua ile ni ya watu wa Nkome, haitufikii. Akatia ufunguo wa mashine mfukoni, kama sheria inavyosema, akashuka kwa ngazi.

Hapa ndipo ninapomlaumu, na nilishamwambia. Ubishi wa kwetu huu.

Wakuu, lile wingu lilikuja kama limeitwa. Upepo kwanza, vumbi la mawe yaliyopondwa likatuingia machoni, kisha matone makubwa. Radi ya kwanza ikapiga kwa mbali. Nikainama kwenye mdomo wa duara nikamwita atoke. Akajibu kitu, sikukisikia.

Radi ya pili ilikuwa karibu zaidi. Ngazi zikaanza kutiririsha maji ya udongo. Nikajua kupanda pale ni kuteleza na kurudi chini mzima mzima.

Ndipo waya wa winchi ukacheza. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Masanja alikuwa hajawasha kitu chochote. Alikuwa ameogopa, na mwili wake ukakumbuka alama ya zamani. Tatizo ni kwamba Shija naye mwili wake ulikumbuka. Sikumuona hata akifikiri. Aliruka kwenye jenereta akavuta kamba ya kuwashia.

Ikakohoa, haikushika.

Akavuta tena. Nikamrukia, tukaanguka wote kwenye tope. Akawa ananisukuma, machozi yanamtoka, anasema shemeji yako anakufa wewe unacheza mieleka. Nami sikuwa na pumzi ya kumweleza.

Mama Kulwa alitokea nyuma yetu akakanyaga ile kamba. "Yaya!" akasema kwa Kisukuma, hapana. "Mtoeni kwa mkono."

Winchi ina mpini wa akiba ambao hatukuwa tumeugusa tangu tununue jenereta. Ulikuwa umeshika kutu. Tukauzungusha mimi na Shija, tukachoka, wakaingia akina mama wanaoponda mawe, tukarudi sisi tena. Hebu fikiria unashika chuma kilicholowa huku radi inapiga. Niliogopa, sifichi. Nilikuwa namuomba Mungu na kumtukana Masanja kwa pumzi moja.

Helmeti yake ikaonekana. Tukamshika mikono, tukamvuta, tukamkokota hadi nyuma ya ua wa minyaa. Akawa anatabasamu kijinga, anasema pale palipokatika amepapata na amepaunga, kazi imeisha.

Hakumaliza kusema. Mwanga mweupe wa radi, mlio uliopasua masikio, na papo hapo ardhi ikatunyanyua. Mdomo wa duara ukatapika vumbi na mawe katikati ya mvua. Fataki zote kwa pamoja.

Tukabaki tumelala. Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Masanja. Alitia mkono mfukoni, akautoa, akafungua kiganja chake mbele yetu.

"Ufunguo ninao mimi," akasema.

Mashine ilikuwa kibandani imefungwa, haijaunganishwa na kitu.

Nilichojifunza: teknolojia mpya ukiileta kwa watu wenye mazoea ya zamani, usiwafundishe ya mpya tu. Waondolee na yale mazoea. Sisi tulifundishwa ufunguo na mita, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mara tatu imekufa. Na kitu kinachowashwa na umeme, mbinguni pia kuna umeme. Wadau wa zile risasi mnijibu hilo bila matusi.

Sasa naomba comment zenu, maana kuna jambo limenikaa.

Masanja alitufunga midomo, kwa hiyo dada yangu hajui kitu. Wiki iliyopita kanipigia simu, ana furaha sana. Anasema tangu tuhamie kwenye umeme analala usingizi, kwa sababu mumewe hawashi tena moto na kuukimbia. Akaniomba nimshukuru sana Mama Kulwa kwa niaba yake.

Nikamwambia nitamfikishia. Msimu wa mvua umeshaanza huku, na Masanja kesho anashuka.

Ungekuwa mimi, ungemjibu nini dada yangu?