Neno Nililomfundisha Jirani

Mwezi uliopita nilishuka Cyangugu, mji wetu wa mpakani na Kongo, nikakuta nyumba ya jirani yetu imebomolewa. Sasa ziwa linaonekana moja kwa moja kutoka barabarani. Nilisimama pale, ndugu yangu, nikakumbuka neno moja la Kiingereza.

Nilikuwa na miaka tisa. Kiingereza kilikuwa kimechukua nafasi ya Kifaransa shuleni, na sisi tuliorudi kutoka Kongo tulikiokota popote. Neno hilo nililiokota kwenye banda la video, mtaani Kamembe: mwanamume alimwambia mkewe "damn you", akaondoka. Nikadhani ni kwaheri.

Jirani, mama muuza samaki, alivuka mpaka kila asubuhi kwenda Bukavu na beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, wakavu, harufu yao ikibaki uani kwetu mpaka adhuhuri. Siku moja nikamuaga hivyo. Akacheka.

"Unifundishe na miye, mutoto yangu."

Tangu hapo tuliagana hivyo, mimi nikisugua masufuria, yeye akiteremka kuelekea mpakani.

Masika yale alishikwa na homa. Alilala siku tano, na kila aliyekuja kumwona, alipoinuka kuondoka, aliambiwa kwa sauti laini: "Damn you." Hata padri. Wanawake wakaanza kuogopa, wakasema kuna kitu kinachosema ndani yake. Bibi yangu akamwita mwalimu mzee wa Kifaransa aitambue lugha hiyo. Alisikiliza, akatoka uso umebadilika.

"Ni neno ya Kifaransa, damner, Waingereza waliichukua kwa Wafaransa," alisema uani. "Zamani ilikuwa neno ya mahakama, kumutia muntu hatiani. Kisha ikawa ya kumutupa motoni. Mungu peke yake ndiye anaweza kuisema. Nani alimufundisha?"

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Ningeweza kunyamaza.

"Ni miye, Mzee. Nilifikiri ni kwaheri."

Bibi alishika mdomo. Mwalimu alinionyesha mlango wa mgonjwa.

"Basi ingia, umuage."

"Nimuambie nini?"

"Ile anayoijua."

Chumba kilikuwa giza, na ilikuwa saa nane mchana tu. Alikuwa amefumba macho, lakini alinijua kwa hatua zangu. Akalisema. Nami nikamjibu lilelile, safari hii nikijua maana yake. Alitabasamu. Kabla ya jioni alikuwa amekufa.

Siku hizi batoto wa Kamembe wanalitamka ovyo mpira ukitoka nje, na siwagombezi. Ila kwa maana yetu sisi wawili sijalisema tena. Hakuna aliyebaki wa kunielewa.