Barua Kuhusu Elihu, Mkulima wa Iowa

Daktari aliyempima Rupa aliuliza swali moja tu, nalo likamkosesha Pramila raha: katika ukoo wa baba yake Rupa, kuna yeyote ambaye alipofika makamo mikono ilianza kucheza yenyewe na akili kumtoka?

Pramila hakujua. Yeye alikuwa binti wa muuza vitambaa wa Kisumu. Marehemu mumewe, Humphrey Marsh, alizaliwa huko huko, mjukuu wa wamishenari waliotoka Iowa, katikati ya Marekani. Walihamia London wakiwa vijana, wakajenga maisha katika mtaa wa Stanmore, mpaka siku Humphrey alipoanguka kutoka kwenye ngazi akizibua mfereji wa paa, akafariki. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Rupa, binti yao, alikuwa na tisa. Sasa Rupa ana thelathini na sita, anapakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, na tangu Januari vitu vinamponyoka mkononi.

"Uchovu tu, Mama," alisema. Lakini Pramila alimwona anavyoshika kikombe kwa mikono miwili, kama mtoto.

Akateremsha sanduku la Humphrey kutoka darini. Ndani mlikuwa na Biblia ya ukoo, nene kama tofali, yenye kurasa za vizazi na vifo, pamoja na furushi la barua. Jina moja lilikuwa limepigwa mstari mweusi: Elihu Marsh, aliyezaliwa 1838. Humphrey alizoea kucheka, "Huyo ndiye mlevi wetu. Kanisa lilimfukuza."

Shoga yake Bhanu, mkutubi mstaafu, akaja kutoka Kenton kumsaidia kusoma mwandiko wa kale. Walikuta nakala ya kumbukumbu za kikao cha kanisa cha mwaka 1879: Elihu ametengwa kwa kuyumbayumba mbele ya waumini. Siku ya tatu Bhanu akasogeza karatasi moja karibu na taa.

"Nini, Bhanu?"

"Dada yake Elihu anamwandikia mchungaji." Akasoma polepole, akiigeuza Kiswahili. "'Ndugu yangu hajaonja kileo maisha yake yote. Mikono yake haitulii hata anapoomba. Baba yetu alikuwa hivyo hivyo, na ninyi mlimzika kwa heshima.'"

Pramila akafungua tena kurasa za vifo katika Biblia. Baada ya Elihu, wanaume wa ukoo ule walikufa mapema, huyu kwa homa, yule kwa ajali, hakuna aliyewaona wakizeeka. Na Humphrey, aliyezoea ngazi tangu ujana, aliangukaje siku ile isiyo na mvua wala upepo?

"Mwambie Rupa leo," Bhanu akasema.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Siku nne alipiga simu kuuliza kama amekula, akakata. Siku ya tano akapanda treni mpaka Hounslow, akamsomea barua pale pale mlangoni, koti mwilini.

Rupa alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba atapimwa damu kuona kama naye ameurithi ugonjwa huo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Umejua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo Ijumaa, Mama."

Majibu yalichukua wiki saba. Pramila aliacha kwenda hekaluni, akiogopa kuulizwa habari za nyumbani. Chakula kilimshinda. Akiona namba ya Rupa kwenye simu, aliiacha iite mara tatu kabla hajapokea.

Daktari hakuzunguka: Rupa hakuurithi ugonjwa ule. Mkono ulikuwa na mshipa wa fahamu uliobanwa kwa kunyanyua mizigo, na ungetibika. Pramila alilia mpaka muuguzi akaleta maji. Rupa hakulia.

Kituoni, wakisubiri basi, Rupa akauliza, "Ningekuwa nao, ungenificha tena?"

Pramila alitaka kusema hapana. "Labda," akajibu.

Rupa akaangalia njia ambako basi lingetokea. "Na baba mdogo aliyehamia Iowa, na watoto wake. Wanajua?"

"Hawajui."

"Basi piga simu leo. Usingoje Ijumaa."

Alipiga walipofika nyumbani, Rupa amesimama kando yake. Shemeji alimwomba aisome barua mara mbili. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ameacha kuendesha gari tangu mwaka jana, wala hajamwambia mtu sababu.

Pramila akavuta kiti, akakaa. "Niambie mimi," akasema.