Simenti Iliyoganda Ndani ya Stoo

Nilisomea ujenzi miaka minne bila kushika pimamaji hata mara moja, isipokuwa siku ya kupigwa picha. Ninalisema hili wazi kwa sababu diplome yangu inasema vingine, na ina muhuri.

Shule yetu ya ufundi ilikuwa upande wa Naviundu, majengo matatu ya matofali mekundu na uwanja mpana uliotengwa kwa mazoezi. Nyuma ya darasa letu palikuwa na stoo yenye mlango wa chuma. Tulijua vizuri kilichokuwamo, maana nilipokuwa mwaka wa kwanza lori lilikuja na vifaa kutoka kwa wafadhili: miiko ya kujengea, pimamaji, kamba, nyundo, mashine ya kukorogea zege na mifuko ya simenti. Sisi wanafunzi ndio tuliovishusha. Nilibeba simenti mgongoni kama wavulana, vumbi lake likanikausha koo, na nilifurahi kwa sababu niliamini kwamba Jumatatu tungeanza kujenga. Mwalimu wa mazoezi akafunga mlango. Ufunguo ukapelekwa ofisini kwa prefe, mkuu wa shule.

Jumatatu tukafungua madaftari tukaandika.

Mwalimu alikuwa na mwandiko mzuri sana. Aliandika ubaoni kwa Kifaransa maana ya kila chombo, sehemu zake na matumizi yake, kisha akakichora kwa chaki. Pimamaji, ambayo huku kwetu tunaiita nivo, aliichora na kiputo chake katikati, akakipaka rangi ya kijani. Tulinakili. Kwenye mtihani nilichora kiputo kizuri kuliko wote. Niliweza kutaja unene wa chokaa, yaani simenti na mchanga vilivyokorogwa na maji, kati ya tofali na tofali, na mkono wangu ulikuwa haujawahi kuchota hiyo chokaa.

Mazoezi yalikuwa hivi: tulipanga matofali makavu uwanjani bila simenti wala udongo, mwalimu akayatazama, tukayabomoa, na kundi la pili likayapanga tena. Yalikuwa matofali yaleyale. Kufikia mwaka wa tatu pembe zake zilikuwa zimelika zikawa duara, na ukuta ulitikisika ukiugusa kwa kiwiko.

Siku moja nilimuuliza.

"Mwalimu, juu ya nini hatutumikishe bintu bya mu stoo?"

"Mutabiaribisha," alijibu bila kukasirika. "Na pale bageni batakuya, tutabaonyesha nini?"

Wageni, watu wa wafadhili, walikuja kweli. Siku hiyo stoo ilifunguliwa asubuhi mapema, tukagawiwa salopeti mpya, yaani ovaroli, na kofia ngumu, na mimi, kwa kuwa tulikuwa wasichana wawili tu, nikawekwa mbele na pimamaji mkononi. Niliiinua nikitazama kiputo kikikimbia upande na kurudi. Nilitaka kuilaza juu ya kitu, juu ya meza hata, nione inavyosema. Mpiga picha akaniambia nisitikisike. Mchana wageni walipoondoka, mwalimu alipita na orodha akakusanya kila kitu, hata salopeti, nasi tukavua pale pale uwanjani, chini tukiwa na nguo zetu za shule.

Nikamaliza. Katika mazoezi nilipewa kumi na sita juu ya ishirini.

Baba yangu, aliyestaafu kazi ya reli, alisali parokia moja na msimamizi wa shantye moja kule Karavia, mahali walipokuwa wanajenga nyumba ya ghorofa. Alimwomba anipokee. Yule msimamizi, mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Kasai, aliitazama diplome yangu kwa heshima, akairudisha ndani ya bahasha yake akasema, "Muzuri, mama. Tunaanza."

Siku ya kwanza, Jumanne, tulikuwa tunaanzisha kuta za jengo dogo la nyuma. Msimamizi alileta mpira mrefu mwembamba unaopitisha mwanga, uliojaa maji. Alishika ncha moja kwenye pembe ya kwanza, akanipa ya pili niende nayo pembe ya mbali. Maji yakitulia, aliniambia, niweke alama mahali yalipofikia. Niliogopa maji yasimwagike, nikaziba tundu kwa kidole gumba. Nikaweka alama yangu kwa uangalifu mkubwa. Mafundi wakavuta kamba kufuata alama zile, wakaanza kupanga bloku za simenti.

Walipofika mstari wa pili, fundi mmoja akasimama, akachuchumaa, akatazama kwa jicho moja. Ukuta ulikuwa unashuka kuelekea pembe yangu, tena si kidogo. Ikabidi bloku zote zitolewe na chokaa mbichi ikwanguliwe. Msimamizi akarudi na mpira ule ule, akanikuta nimeshika vile vile.

"Mama, toa kidole," alisema. "Ukifunga, mayi haiwezi kutembea."

Nikatoa. Maji yakapanda mbele ya macho yangu, yakayumba, yakatulia mahali pengine kabisa. Mafundi walicheka. Kicheko nilikivumilia. Ambacho sikuweza kukivumilia ni swali lake, kwa kuwa aliliuliza kwa upole.

"Ku masomo mulikuwa munapimisha na nini?"

"Na nivo."

"Ulishaishikaka?"

Alasiri nzima nilibeba bloku, na hakuna aliyeniambia nizibebe.

Jumamosi asubuhi nilikwenda shuleni. Prefe alinipokea kwa furaha, akanivutia kiti, akamwita mwalimu wa mazoezi aje anisalimie. Nikamwambia sikuja kusalimia, nimekuja kuomba nione stoo. Nilidhani atakataa. Kumbe aliona nimempa nafasi ya kujivunia. Alichukua ufunguo kwenye droo akatutangulia.

Mlango ulilia. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pale tulipokiweka nikiwa mwaka wa kwanza. Miiko ilikuwa kwenye plastiki yake. Mashine ya zege ilikuwa bado na karatasi ya kiwandani, matairi yake yameisha upepo. Pimamaji zilining'inia ukutani kwa mstari. Na simenti ilikuwa pale, imepangwa hadi usawa wa kifua changu.

Nikaweka mkono juu ya mfuko mmoja. Nikausukuma. Nikaupiga ngumi, nikaumia. Karatasi ilikuwa imechanika pembeni, na kilichoonekana ndani kilikuwa jiwe lenye umbo la mfuko, pamoja na mikunjo yake yote. Mvua za miaka minne zilikuwa zimeingiza unyevu wake pole pole, mfuko baada ya mfuko.

"Angalia," prefe alisema nyuma yangu. "Hakuna mwenye aliiba hata mufuko moya."

Nimewahi kukasirika maishani, lakini hasira ile ilikuwa baridi. Niligeuka nikamtazama, mtu safi, shati limepigwa pasi, ufunguo mkononi, akingoja nimsifu.

"Afazali bangeiba, Papa Prefe," nilisema. "Mwizi angejengea batoto yake nyumba. Hii imesaidia nani?"

Uso wake ukabadilika. "Unanitukana ndani ya masomo yangu? Diplome yako ilitoka wapi?"

"Ilitoka hapa. Mulinipatia kumi na sita ya mazoezi. Mulinipimisha na nini?"

"Programu tulimaliza yote," alisema. "Yote iko mu daftari yako."

"Daftari haiko ku shantye, Papa."

Akaniambia nitoke. Nikatoka.

Mwalimu wa mazoezi alinifuata hadi getini. Kwake nilikuwa nimeweka hasira kubwa kuliko ya prefe, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele yetu kila siku. Nikamwambia sawa, ufunguo haukuwa wako, lakini mpira wa maji unauzwa sokoni na hata nyumbani kwa watu upo. Huo haukufungiwa stoo. Kwa nini hukutuonyesha hata huo?

Alitazama viatu vyake.

"Ule mupira," aliuliza, "banautumikishaka namna gani?"

Nilifikiri ananidhihaki. Nikamtazama usoni nikaona hapana. Mtu huyu mwenye mwandiko mzuri, aliyenipa kumi na sita, alikuwa hajui. Naye alikuwa amefundishwa kwa chaki, katika shule nyingine iliyokuwa na stoo nyingine, na mwalimu ambaye huenda pia alikuwa na mwandiko mzuri. Nikamweleza pale pale getini, kwa maneno, jinsi maji yanavyojisawazisha na kwamba ncha zote mbili lazima ziwe wazi. Alisikiliza kama mwanafunzi. Alipotoa kalamu mfukoni aandike kwenye kiganja chake, nikamwacha nikaondoka, kwa sababu nilikuwa karibu kulia na sikutaka alione chozi langu akadhani ni la huruma.

Nyumbani nilimsimulia baba. Akasema, "Siye ku reli, siku ya kwanza banakupatia tupa ya kunolea na kipande ya chuma. Unakata mukono, unajua tupa ni nini." Yeye ndiye aliyenichagulia shule ile, akiisifu kwa majirani, na nililiona jambo hilo likimla.

Jumatatu nilirudi shantye nikamwambia msimamizi ukweli wote, kwamba sijui kazi. Akasema alikuwa anajua tangu Jumanne. Aliniweka kukoroga chokaa, kisha kumpelekea fundi, kisha kupanga bloku za ndani ambazo zitapigwa lipu na hazitaonekana. Alinipa pimamaji yake mwenyewe, iliyochakaa, yenye tone la rangi ya nyumba ya zamani kwenye ukingo. Mistari yangu ya kwanza aliibomoa bila maneno. Baadaye akaacha kuibomoa. Kabla mvua hazijaanza alinikabidhi ukuta wa bafu la nyuma, wote, kuanzia chini hadi juu.

Nilipoumaliza niliweka pimamaji juu yake na kiputo kikasimama katikati. Mafundi wakasema mwanamke huyu kweli amejua. Walitarajia nicheke. Mimi nilikuwa nahesabu. Tangu siku ile ya kidole hadi ukuta ule ilikuwa imepita miezi mitatu na siku chache. Shuleni niliacha miaka minne, na wadogo zangu wa darasa la chini walikuwa bado wamekaa kule, wananakili kiputo cha kijani.