Uzito Wangu Juu ya Semwari

Harufu ya mawese kwenye chuma hunirudisha moja kwa moja shambani kwetu, nje kidogo ya Bunia. Mama aliipaka semwari yetu mawese kabla ya kila upanzi, maana mafuta ya mashine hatukuwa nayo. Ilikuwa mashine ndogo ya kupandia mahindi, ya kukokotwa na ng'ombe. Kisu chake kilichana udongo, mbegu zikadondoka nyuma, gurudumu likafukia.

Nilikuwa na miaka minane hivi, na nilikuwa mnene. Si kidogo, jamani! Wenzangu wa shuleni Bigo waliniita Kamyo, yaani lori, na nikipita walipiga honi kwa midomo. Siku moja walizidi. Nilikwenda hadi shambani nikilia, kamasi zinatoka, nikamtangazia Mama kwamba shuleni sirudi tena.

Mama alinifuta uso kwa kitenge chake. Naye alikuwa na shida yake. Sehemu ya juu ya shamba walikuwa wakilala ng'ombe zamani, udongo umekuwa mgumu. Alikwisha kushusha kisu hadi tundu la mwisho la kurekebishia kina, lakini semwari ilipanda juu ya ardhi ikaparuza tu. Mbegu zilibaki nje, na kuku wa jirani walitufuata kwa adabu kubwa, wakila. Mbegu nyingine hatukuwa nazo. Kaka yangu Jacques aliketi juu ya ubao wa semwari ili aikandamize, lakini alikuwa mwembamba mno, mashine haikumsikia.

Mama akanigeukia. "Furaha, kuya huku. Ikala apa juu."

Nikakaa. Kisu kikazama. Baada ya hatua chache Mama alisimamisha ng'ombe, akachomeka kidole udongoni, akaikuta mbegu kwenye kiungo cha pili, pale pale alipoitaka.

"Jacques, ona! Mutoto yangu iko na kilo ya kazi!"

Nilijisikia malkia. Lakini tulipofika chini, karibu na kijito, udongo ulikuwa laini, na kidole cha Mama kilizama chote bila kugusa mbegu.

"Shuka, Furaha! Unazika mahindi, haitatoka!"

Basi tukaendelea hivyo hadi jioni: kwenye ugumu napanda ubaoni, kwenye ulaini nashuka na kukimbia kando. Jacques aliomba zamu. Nikamwambia aende kwanza akale.

Mahindi yaliota yote, mistari imenyooka, majirani wakaja kutazama. Shuleni nilirudi. Waliponiita Kamyo niliwapigia honi mimi mwenyewe, kubwa kuliko zao, na mchezo ukawaishia utamu.

Miaka yote niliamini kwamba bila mimi tungelala njaa. Mwaka jana, nikiwa njiani kwenda Boga, nikaona semwari kama yetu, na juu ya ubao wake wamefunga mfuko wa mchanga. Ilifanya kazi vizuri kabisa. Nikacheka, nikampigia Mama simu kumuuliza kwa nini sisi hatukuliwaza jambo rahisi namna ile.

"Nani alikuambia hatukuwaza?" akasema. "Mufuko ya muchanga ilikuwa apo pembeni, nilikuwa nimeshaijaza. Lakini muchanga haikutoka ku masomo ikilia."