Ambubagi ya Wageni

Mpwa wangu Agnella ni mkunga wa zahanati moja njia ya Mlimba. Akili yake kairithi kwangu, ingawa mimi shule niliiacha darasa la sita, baada ya kuona walimu wameishiwa. Kazini huvaa kandambili za bluu, huimba nyimbo za kwaya huku akipima presha, na mzazi akipiga kelele humbembeleza kwa Kipogoro hata kama mzazi mwenyewe ni Msukuma. Kitu kilichokuwa kikimkondesha ni kabati.

Ndani ya kabati kulikuwa na ambubagi mpya. Hicho ni kifuko cha mpira chenye barakoa ndogo mbele. Mtoto akizaliwa hapumui, unamfunika pua na mdomo, unaminya, hewa inaingia. Ya zamani barakoa yake ilikuwa imepasuka ukingoni, hewa yote inatokea pembeni. Lakini Melkiori, mtunza stoo, aliifungia ile mpya na nailoni yake, kama mama zetu wanavyofungia glasi sebuleni zikimsubiri paroko. Agnella aliomba, akabembeleza, akanuna. Jibu likawa lile lile, kwamba wakaguzi wakija wakute kitu kizima, na ya zamani si bado inaminyika?

Mpunga ukaanza kuiva. Bondeni kwetu mpunga ukiiva, kila mtu anahamia shamba kulinda ndege. Melkiori naye akaomba ruhusa, akavuka mto na ufunguo mfukoni, huko ambako simu haishiki.

Ndipo asubuhi moja nikamleta Sikitu, uchungu umemshika, kwa bajaji yangu ninayobebea abiria, pamoja na mumewe Masanja, mfugaji. Nilikuwa bado namsimanga Masanja kwa fimbo yake iliyonichania turubai, mara kule chumba cha kuzalia kukawa kimya. Masanja akaniuliza mbona mtoto halii. Nikaacha utani, nikasukuma mlango.

Agnella alikuwa amemkausha mtoto, amemsugua mgongo, sasa anaminya ile ya zamani huku akiibana barakoa kwa vidole mpaka vimekuwa vyeupe. Kifua cha mtoto kilikuwa hakinyanyuki.

"Mjomba," akasema bila kugeuka, "lifungue hilo kabati."

Hakuna kufuli lililowahi kunishinda kuanzia Mbingu mpaka Sanje. Lile lilinishinda. Nikalipiga spana, nikalitukana, likatulia tu. Masanja akaja akalishika kabati zima, akaligeuza kama anamwangusha ndama, na kumbe nyuma ni hadibodi imepigwa misumari midogo. Tukaing'oa. Nailoni Agnella aliichana kwa meno.

Akaminya. Kifua kikanyanyuka. Akaendelea kuminya, anahesabu kwa sauti ya chini, mpaka mtoto akakohoa, akalia kidogo, kama anayelalamika.

Masanja alikaa chini sakafuni. Agnella hakucheka. Alisema tumechelewa, mtoto apelekwe Ifakara akaangaliwe, tukapanda bajaji. Njiani nilimwona anafuta macho kwa hasira.

Mtoto alirudi ananyonya vizuri. Melkiori naye akarudi, na cha kwanza alichouliza ni nani kaharibu kabati. Akaikuta ambubagi imeoshwa, imetundikwa kwenye msumari kando ya kitanda cha kuzalia. Akasema irudi kwenye nailoni, wageni wako njiani, itashika vumbi.

"Mgeni wake alishakuja, Melkiori," Agnella akamwambia. "Alikuja uchi, na wewe ulikuwa umemfungia mlango."

Mwenzenu Melkiori alijifanya anakagua misumari. Wiki ile ile akanunua kufuli kubwa zaidi. Kabati lenyewe bado halina mgongo, limeegemezwa ukutani.

Sasa kila nikileta mzazi, kabla ya kumshusha nachungulia dirishani nione kama ambubagi ipo kwenye msumari wake. Mara mbili nimekuta msumari mtupu. Mara zote mbili nimelivuta kabati, nikaingiza mkono kwa nyuma, nikaitundika tena.