Mtumbwi wa Chuma na Rubisi ya Posa

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na ni mwanamke. Nasema mapema kwa sababu watu wakifika karakanani kwangu Rwamishenye, mjini Bukoba, hunipita macho wakimtafuta fundi. "Fundi yuko wapi?" Ndiye huyu. "Hapana, fundi mwenyewe." Basi navaa kofia yangu ya kuchomelea, nawasha mashine, wanarudi nyuma bila kuambiwa. Zamani nilikuwa nanuna. Siku hizi nacheka, ila bei sipunguzi.

Ufundi wenyewe niliuingia kwa udadisi tu. Nikiwa binti wa shule nilipita Miembeni nikaona mtu anaunganisha vyuma viwili vikawa kimoja, nikataka kujua vinashikana vipi. Nikasimama kuutazama ule moto kwa macho matupu. Jamani! Kesho yake macho yalikuwa kama yametiwa mchanga, na bado nilikuwa sijapata jibu. Ndiyo maana nikaenda chuo cha ufundi, na ndiyo maana hadi leo mteja akiniletea kitu ambacho sijawahi kukitengeneza nafurahi kuliko akiagiza geti.

Na siku hizi vitu vya ajabu ndivyo vinavyotulisha. Madirisha ya alumini yametunyang'anya kazi ya grili. Umeme nao hukatika mshono ukiwa nusu. Wenzangu wenye vyeti vizuri walienda kujaribiwa kazi ya bomba la mafuta, wakarudi wakisimulia kwamba kule kiungo hupigwa picha kama mfupa uliovunjika ili waone ndani yake. Loh, niliwaonea wivu! Sisi tuliobaki tunapokea vilivyokuwa vya mbao: vitanda, ngazi, madawati, hata vigoda vya jikoni. Miti mikubwa imekwisha, watu wanakuja kwenye chuma.

Ndivyo baba yangu naye alivyokuja. Alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, Muleba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anataka kuoa, na siku ya kupeleka mahari ilikuwa imekwisha kupangwa. Kwetu Uhayani huendi kwa wakwe mikono mitupu, na huendi bila pombe ya ndizi. Baba wa yule binti alikuwa ametamka wazi: soda leteni mkitaka, lakini bila rubisi iliyokamuliwa nyumbani kwenu hatukai kuzungumza. Mdogo wangu alikuwa amesubiri sana siku hiyo. Posa ya kwanza, kwa binti mwingine, ilivunjika kwa maneno maneno ya wazee, na alishaapa kwamba hii ikivunjika hataposa tena.

"Mtumbwi wetu umepasuka," baba akasema. Mtumbwi kwetu ni gogo lililochongwa kama chombo cha ziwani, ndimo wanaume wanamokanyagia ndizi mbivu kwa miguu pamoja na majani makavu mpaka juisi itoke, halafu humo humo juisi huachwa na mtama wa kukaanga ichachuke. "Nichomelee wa chuma."

"Tata, wa chuma? Umeona wapi?"

"Hujawahi kuona, ndiyo maana nakuambia wewe."

Hapo alinipata. Tangu niingie kazi hii baba alikuwa hajaniomba hata msumari. Kwa watu alikuwa akisema binti yake yuko mjini anafanya biashara. Nikauliza kama hatuwezi kuazima mtumbwi wa mbao kwa mtu, akasema hakuna mwenye nao mzima kijiji kizima. Nikauliza kama tunaweza kuujaribu kwanza kwa ndizi chache. Akasema ndizi zimeshafukiwa shimoni zinaiva, na mimi maswali nimeyazidisha tangu utotoni. Akakata simu.

Nilitafuta shiti nene ya chuma, nikaikunja, nikaichomelea kwa ndani na kwa nje, nikaisugua na grenda mpaka ukipitisha kiganja hukwaruzwi. Nilijaza maji nikaangalia kama kuna mshono unaotoka jasho. Hakuna. Haki ya Mungu, nilijisifu mwenyewe. Nikaupakia kwenye pikapu, na tuliposimama Kemondo kununua samaki, fundi mmoja wa pale bandarini, mtu ninayemfahamu, akauzunguka akicheka. "Huu unavua nini?" Nilipomweleza, akaacha kucheka. "Ungetumia stenlesi," akasema. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui kwa nini, ila maziwa na vitu vichachu ameona watu wanaweka kwenye stenlesi. Stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu, ya ukubwa ule Bukoba nzima ningeitoa wapi? Nikaondoka, lakini lile neno likaja nami hadi Muleba.

Baba aliupigapiga mtumbwi kwa fimbo, ukalia. Hakusifu, ila nilimwona akiuzunguka mara ya pili. Wanaume walipoanza kukanyaga nikasogea kuangalia, naye akanizuia kwa mkono. "Kutengeneza umetengeneza. Kukanyaga hukanyagi." Mwanamke hakaribii mtumbwi wa pombe, ndiyo mila. Mwanamke aliyeuchomelea, je? Niliuliza, watu wakacheka. Wakamaliza, wakachanganya mtama, wakafunika kwa majani ya mgomba.

Asubuhi mdogo wangu alikuja kuniita jikoni akiwa amebadilika uso. Alisema neno moja tu: "Njoo." Nikaenda, mila au si mila. Baba alikuwa amefunua majani. Rubisi inatakiwa kuwa na rangi ya udongo wa kahawia, na povu juu. Ile ilikuwa nyeusi kama maji yaliyooshewa sufuria ya mkaa. Nikachovya kidole, nikaonja. Ladha ilikuwa ya kulamba nondo.

"Kesho tunaenda kwa wakwe," mdogo wangu akasema. "Kesho!" Akakaa chini palepale kwenye nyasi, mtu mzima na ndevu zake.

Na mimi, Mungu anisamehe, kabla sijamhurumia nilikuwa nimeshaanza kujiuliza imekuwaje. Kumbe jibu lilikuwa mikononi mwa kila mwanamke wa Kihaya. Ukimenya ndizi, utomvu ukigusa kisu, kisu kinakuwa cheusi, na vidole navyo. Basi tulikuwa tumeloweka utomvu wa mikungu yote ile ndani ya kisu kimoja kikubwa. Nilimweleza baba kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeokota kitu. Alinitazama kwa namna ambayo ilinifunga mdomo.

Shimoni zilikuwa zimebaki ndizi, si nyingi, lakini za kutosha. Kilichokosekana ni pa kuzikanyagia. Ndipo mdogo wangu aliposema, akiwa bado ameinama, "Mtumbwi upo. Upo hapo kwa jirani."

Baba akaanza kurudishia majani juu ya ile pombe nyeusi, kana kwamba inaweza kubadilika rangi.

Jirani yetu wa upande wa chini alikosana na baba kwa sababu ya mpaka. Kila mmoja alisema mwenzake amehamisha mimea ya mpakani. Nilijua hawasalimiani. Sikujua kwamba ana mtumbwi mzima wa mbao, mkubwa kuliko wetu wa zamani, umelala nyuma ya nyumba yake hauna kazi. Hapo nikaelewa kwa nini nilipigiwa simu. Mimi niliyedhani baba amekubali kazi yangu! Aliona bora chuma kutoka Bukoba kuliko kuvuka mpaka kwenda kusema naomba. Iliniuma, siwezi kudanganya. Iliniuma sana.

Nikaenda mwenyewe. Nilikuwa na ovaroli yangu, nikapiga goti nikamsalimu kwa Kihaya kama inavyotakiwa. Yule mzee alikuwa anaanika kahawa. Akaniitikia vizuri, akauliza habari za mjini, akauliza kama ni kweli nachoma vyuma. Nikamweleza shida yetu yote, hadi ile ya kisu. Aliisikiliza kwa makini, akauliza, "Nyeusi kabisa?" Nikaona huyu naye ni mdadisi mwenzangu. Nikadhani nimeshinda.

"Mtumbwi nitatoa," akasema. "Lakini hauombwi na mtoto, wala na mwanamke. Mwenye mji ndiye anayeomba. Mwambie baba yako aje."

Nilirudi nikamwambia baba maneno yale yale, sikuongeza wala kupunguza. Akasema, "Haiwezekani." Akaingia ndani. Mdogo wangu akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimjibu baba. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Tata. Mimi ningeinama, lakini hanitaki mimi. Anakutaka wewe. Nikikosa mke safari hii, sitakuwa nimemkosa kwa wakwe, nitakuwa nimemkosa hapa nyumbani."

Ala! Tulimsikia baba akisogeza vitu huko ndani, kisha akatoka amevaa koti lake la kanisani. Koti, asubuhi ile, kwa kwenda hatua chache tu chini ya migomba. Hakupita njiani. Alipita palepale mpakani, akiitenganisha ile mimea kwa mikono.

Walichozungumza sijui, na Mungu anajua nilivyotaka kujua. Nilichoona ni wazee wawili wakitokea migombani na mtumbwi, mmoja mbele mmoja nyuma, baba na koti lake limejaa vumbi, vijana wa jirani wakiwafuata na kuomba wawapokee, nao wakikataa. Wakauweka chini wakihema. Jirani akaenda kuuangalia ule wa kwangu, akainama, akapitisha kidole kwenye mshono mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hautoi hata tone," akamwambia baba. Baba akasema, "Hautoi." Kisha jirani akakunja suruali, akanawa miguu, akaingia kukanyaga ndizi zetu.

Kesho yake tulienda kwa wakwe. Jirani alikuja pia, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu asiyejua kama ameitwa. Mimi nilikaa na wanawake, na sikuwa nasikia maneno ya mahari wala ya mbuzi. Nilikuwa natazama vibuyu. Baba wa binti akapokea cha kwanza, akavuta mrija. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Yule mkwe akavuta tena, taratibu.

"Hii imekamuliwa kwenye mtumbwi wa mti wa zamani," akasema. "Siku hizi haipatikani. Mtumbwi wa nani?"

Macho yote yakamgeukia baba. Alikuwa na njia nyingi za kujibu bila kusema uongo. Angeweza kusema wa kijijini, angeweza kusema tumeazima, na hakuna ambaye angemlaumu. Mlangoni jirani yetu alikuwa ameacha kunywa.

"Wa kwetu," baba akasema, akageuka kumwonyesha kwa mkono. "Mwenyewe yule pale. Ndugu yangu, sogea huku mbele."