Dawa ya Mkwe

Jumamosi, uwanjani Mwandiga, mshambuliaji wetu alianguka akagaagaa, ameshika paja, juu kabisa. Muuguzi aliyeombwa kushika nafasi ya daktari wa timu, aliyefika mechi imeshaanza, akamkimbilia na mkoba wake. Jamaa alipomtambua akaacha kugaagaa. Alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo mama," alisema pale chini, akivuta bukta ifike magotini.

"Marahaba, baba. Panauma wapi?"

"Kiwiko."

Mama akakipulizia kiwiko dawa ya baridi, taratibu, bila kucheka. Jamaa akashukuru, akacheza hadi mwisho akichechemea huku ameshika kiwiko.

Kumbe aibu nayo inatibu. Jana nimemkuta kocha mtaani Buzebazeba, anaulizia wanakoishi wakwe wa golikipa wetu anayependa kulala chini kupoteza muda.